Meneja ananitukana mbele ya madereva, na sasa nimeanza kukosea kazi niliyoijua

*“Mshauri, mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ya kliaringi, ya kutoa mizigo forodhani, hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda. Nina miaka 31 na kazi hii nimeifanya miaka mitatu na zaidi. Tuko watu wanane. Mwaka jana mwenye kampuni, ambaye anakaa Kampala, alimleta mpwa wake awe meneja, na tangu hapo sina amani. Nikikosea kidogo ananifokea pale dirishani, madereva wakisikia: ‘Kichwa maji wewe, nani alikuajiri?’ Ananipigia simu saa nne usiku. Mwezi uliopita nilikosea tarakimu moja ya kontena, trela ikalala mpakani, naye akanikata shilingi 150,000 bila karatasi yoyote. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kweli nimeanza kukosea. Mambo niliyokuwa nafanya huku napiga stori, sasa nayarudia mara tatu na bado nakosea. Jumapili jioni moyo unanienda mbio, silali. Nilipima presha wakasema iko sawa. Wazee wa kanisani wananiambia nivumilie, kazi ni ngumu kupata. Dada yangu anasema niache kesho. Nina watoto wawili. Je, shida ni mimi? Na nikiacha, pesa yangu ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, itapotea?”*

Dada yangu, la NSSF nitakujibu mwishoni, maana jibu lake ni fupi. Hilo la “je, shida ni mimi?” ndilo linalokutoa usingizi, na nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Umeniambia kwamba unakosea, na kwamba meneja anafoka kwa sababu unakosea. Umeyapanga hivyo: kosa kwanza, matusi baadaye. Hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe uangalie tarehe. Miaka miwili ya mwanzo ulikuwa unajaza nyaraka huku unapiga stori na kazi inatoka safi. Makosa yameongezeka baada ya mwaka jana. Elimu yako haijapungua na macho yako hayajaharibika. Kilichobadilika hapo ofisini ni kimoja, nawe umekitaja. Sisemi kwamba kila kosa ni la meneja, la hasha. Ila mpangilio ulionao kichwani umegeuzwa, na ukiendelea nao hivyo utafanya uamuzi mbaya, iwe ni kubaki au kuondoka.

Nikueleze kinachotokea mwilini, kwa sababu ukishakielewa hutajiita mjinga tena. Mtu anapofokewa, hasa mbele ya watu, mwili hautofautishi sana kati ya bosi mkali na mbwa mkali. Unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, damu inakwenda kwenye misuli, na homoni nyingine iitwayo kotisoli inafuata ili kukuweka macho. Kwa mtu anayetaka kukimbia, hayo yote ni msaada. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ni balaa, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kushikilia mambo machache kwa sekunde chache huku tukiyafanyia kazi, ndiyo ya kwanza kulegea.

Sasa itazame kazi yako. Nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Unaisoma kwenye karatasi, unaibeba kichwani, unageuka, unaiandika kwenye mfumo wa forodha. Safari hiyo fupi kutoka karatasi hadi kioo cha kompyuta inategemea uwezo uleule ambao hofu huudhoofisha kwanza. Tena si lazima awe anafoka wakati huo. Inatosha sikio lako moja liwe linasikiliza kama mlango unafunguliwa. Ongeza na usingizi uliokatika kwa simu ya saa nne usiku, na asubuhi unageuza 6 na 9. Yeye anaona kosa, anafoka zaidi, na wewe unakosea zaidi. Ukiacha mambo yaende hivyo, baada ya miezi michache atakuwa na rundo la makosa ya kweli ya kumwonyesha mjomba wake. Hapo ndipo ninapokuhofia.

Na kuna jambo ambalo pengine hukulifundishwa. Ile tarakimu ya mwisho ya nambari ya kontena hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, na kazi yake ni kunasa makosa ya watu wanaonakili. Waliobuni mfumo huo, ambao unatumika bandari zote duniani, walijua kabisa kwamba makarani hukosea tarakimu, hata wale waliolala vizuri na wenye mabosi wapole. Hawakutafuta karani asiyekosea, waliweka kinga. Nawe weka ya kwako wiki hii: usiingize nambari peke yako. Mwenzako aisome kwa sauti kwa mafungu, herufi nne, tarakimu tatu, tatu, kisha ile moja ya mwisho, nawe uifuate kwa kidole kwenye kioo. Haimalizi dakika. Ukiwa peke yako zamu, isome kutoka nyuma kwenda mbele. Nimeanza na hili kabla ya mambo ya sheria kwa makusudi: kila nyaraka inayotoka bila kosa inampunguzia meneja silaha na kukurudishia wewe imani.

Kuhusu presha, ulifanya vizuri kupima, na usikate tamaa kwa sababu waliona iko sawa. Watu wengi hapa kwetu moyo ukiwadunda hudhani ama ni presha ama hakuna kitu. Katikati yake kuna wasiwasi wa muda mrefu, nao ni ugonjwa unaotibika, ingawa ile mashine ya mkononi haiuoni. Dalili yako ya Jumapili jioni ni ya kawaida sana kwa watu wanaoteseka kazini: mwili unaianza Jumatatu mapema. Ombi langu moja tu hapa: usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa ushauri wa muuzaji. Vingi vinakuzoeza haraka, na asubuhi vinakuacha mzito kichwani, wakati shida yako tayari ni umakini.

Sasa hao wazee wa kanisani na dada yako. Wote wanakupenda, na wote wawili wanakupa jibu la neno moja kwa shida yenye vipande vitatu. Lazima tuvitenganishe.

Kuna kipande ambacho ni ugumu wa kazi yenyewe. Mpaka wa Malaba haulali; trela zinaingia saa ishirini na nne, mteja anapiga simu kutoka Kampala, kontena likichelewa wenye meli wanadai pesa kwa kila siku. Karani wa nyaraka kupigiwa simu usiku mara moja moja kwa sababu mzigo umekwama, hilo hata kwa bosi mwenye adabu lingekukuta, na hata ukihamia kampuni ya jirani litakukuta. Hapa wazee wana haki: kipande hiki kinavumilika, mradi muda wako uhesabiwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 48 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Lakini zichunguze hizo simu za usiku. Je, ni za mzigo uliokwama, au ni za “kesho ukikosea utaniona”? Hizo ni simu mbili tofauti.

Kipande cha pili ni tabia ya huyu kijana. Kumpa mpwa umeneja si dhambi, biashara nyingi hapa mpakani zimejengwa na ndugu. Kumleta mtu asiyejua nyaraka, asimamie watu wanaozijua, bila yeyote wa kumsimamia yeye, hapo mwenye kampuni amewatega nyote, na mpwa wake akiwamo. Mteja akimtukana kwa simu yeye hana pa kupeleka, anamshukia aliye karibu na dirisha. Simtetei. Nakwambia ili ujue kwamba yale maneno ya “kichwa maji” hayapimi kichwa chako.

Tabia kama hii haitulizwi kwa kunyamaza kila siku, wala kwa kujibizana papo hapo. Akifoka dirishani, usijitetee, kwa sababu mbele ya madereva hakuna anayetaka kushindwa. Sema kwa sauti ya chini, sentensi uliyoizoeza nyumbani: “Bosi, kosa nimelisikia, nalirekebisha sasa hivi. Mengine naomba tuongee ndani.” Kisha geukia kazi. Mara ya kwanza itakutoka kwa kutetemeka, haidhuru. Akiendelea, usiongeze neno.

Halafu tafuta saa yake nzuri. Kila bosi anayo. Madereva wanaijua hata kuliko wewe, waulize. Huenda ni asubuhi kabla foleni haijaanza, au jioni malipo yakishaingia. Ingia na jambo moja tu. Usimwambie “unanitesa,” maana atakana. Mwambie kitu kinachomgusa mfukoni: “Bosi, nikifokewa wakati najaza nyaraka nakosea zaidi, na trela inalala. Naomba kosa langu uniambie ofisini, nami nitakuwa nasomewa nambari na mwenzangu kabla ya kutuma.” Umempa ombi na umempa suluhisho. Ukitoka, mwandikie ujumbe mfupi wa WhatsApp wa kumshukuru kwa mazungumzo na kutaja mlichokubaliana. Ujumbe huo una kazi mbili, na ya pili utaiona mbele.

Nisikudanganye: kwa baadhi ya mameneja hili linasaidia, kwa wengine linaongeza moto. Linapoongeza moto, hatua ya pili ni mwenye kampuni. Najua unafikiria nini, damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, ndiyo maana usiende kwake na hadithi ya mpwa mbaya. Nenda na hesabu ya biashara: trela zilizolala kabla ya mwaka jana na baada yake, wafanyakazi walioacha kama wapo, wateja walionung'unika. Mkienda wawili au watatu ni bora. Mjomba anaweza asimguse mpwa, lakini mfanyabiashara hapuuzi mteja anayehama.

Kipande cha tatu ni zile shilingi 150,000, na hapa sikubaliani na wazee hata kidogo. Huu si ukali wa bosi wa kuombewa. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara: kodi, michango ya lazima kama NSSF, na mengine machache ambayo wewe mwenyewe umeyakubali kwa maandishi, kama vile pango la nyumba. Faini iliyotungwa dirishani kwa hasira sioni inaingia wapi humo. Tena kila unapolipwa unastahili hati inayoonyesha mshahara wako na kila kilichokatwa na sababu yake. Anza hapo. Usimdai pesa kwanza, dai karatasi: “Naomba hati ya malipo ya mwezi uliopita inayoonyesha makato.” Omba kwa maandishi, kwa heshima. Akikupa, umepata ushahidi. Akikataa, ombi lako lililokataliwa nalo ni ushahidi.

Na hapo ndipo daftari linapoingia. Nunua la kawaida, likae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Kila tukio andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno aliyosema kama alivyoyasema, nani alikuwepo, kazi gani ilikuwa mezani. Usiandike hisia zako humo, hizo zina mahali pake. Hifadhi jumbe zake, ule wako wa WhatsApp wa kumshukuru, na orodha ya simu za usiku. Kumrekodi sauti kwa siri sikushauri, inaweza kukugeukia wewe kisheria. Daftari litakufaa hata kama hutafika kwa mtu yeyote, kwa sababu baada ya wiki chache utaona mpangilio. Pengine anafoka siku ambazo mteja fulani ana mzigo. Ukilijua hilo, unajipanga.

Kama mwenye kampuni hakusaidii na makato yanaendelea, mlango ni wa afisa kazi wa wilaya. Kwa Malaba ni Tororo, makao makuu ya wilaya. Huhitaji wakili ili kufungua malalamiko. Nenda na daftari, mkataba au barua ya ajira, na hati za malipo. Afisa ana mamlaka ya kumwita mwajiri na kujaribu kuwapatanisha, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa hadi Mahakama ya Viwanda. Ni polepole, nisikufiche. Ofisi hizi zina watu wachache na mafaili mengi, utarudishwa mara kadhaa. Na Malaba ni mji mdogo: jioni hiyohiyo itajulikana kwamba ulionekana Tororo. Pima kama uko tayari kwa hilo kabla ya kupanda teksi.

Jambo moja hukuligusa, nami naliuliza kwa sababu wengi hulificha. Kama katika simu hizo za usiku kuna maneno ya mwili wako, au “tukutane mahali ndiyo makosa yako yasahaulike,” basi ushauri wangu wa kutafuta saa yake nzuri ufute. Usikae naye peke yako. Huo ni unyanyasaji wa kingono, sheria ya Uganda inaukataza kazini waziwazi, na afisa kazi anaupokea hata kama kampuni ni ya watu wanane. Mashirika ya mawakili wanawake kama FIDA husaidia bila malipo kwa wasio na uwezo.

Sasa ushauri wa dada yako, wa kuacha kesho. Kuacha kazi kunaweza kuwa uamuzi mzuri sana. Kuacha kesho si uamuzi, ni hasira tu, na hasira hiyo watailipia watoto wawili. Kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na chini ya mitano, notisi ni mwezi mmoja, na inawabana pande zote mbili. Ukitoweka bila notisi, unampa yeye hoja. Kweli, sheria inamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya mwenendo mbaya wa mwajiri, na inahesabu kana kwamba mwajiri ndiye aliyevunja mkataba. Lakini mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako, na bila daftari na jumbe hutaubeba. Ukifika huko, au ukifukuzwa, kumbuka muda: malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanatakiwa kufika kwa afisa kazi ndani ya miezi mitatu.

Ningekuwa ndugu yako ningekwambia jipe miezi mitatu ya kujiandaa kuondoka, hata kama mwishoni utabaki. Weka akiba SACCO, ya chakula na ada ya muhula mmoja. Kama huna kile cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, ulizia masomo yake. Kama unacho, unaweza kukitumia Busia, Mutukula au Kampala kwenyewe, na meneja hawezi kukunyang'anya. Waambie madereva unaowaamini kwamba unasikilizia kazi kwingine. Hao wanaingia ofisi zote za mpakani na wamesikia unavyotukanwa. Wengi wao wanajua pia nani hujaza nyaraka zao vizuri. Na siku ukiondoka, omba kwa maandishi cheti cha utumishi, ni haki yako. Utashangaa jinsi mtu mwenye mlango wa kutokea anavyolala vizuri hata kabla hajautumia.

Lakini kuna hali ambazo hazisubiri miezi mitatu. Ukipitisha wiki mbili bila kulala sawasawa, ukishindwa kula, ukianza kunywa ili upate usingizi, ukijikuta unawapiga watoto kwa makosa madogo, au kifua kikibana na pumzi kukata ghafla, nenda hospitali ya Tororo ueleze yote, pamoja na ya kazini. Usiseme tu “kichwa kinauma.” Wakiona haja watakupeleka Mbale, hospitali ya rufaa, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Butabika kule Kampala ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wanaokwenda kliniki yake ya nje wamo watu wenye kazi zao kama wewe. Na ikikujia fikra kwamba afadhali usiwepo, usiende kazini siku hiyo. Mwambie dada yako, aende nawe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wazee wa kanisani, waambie umesikia, na uwaombe zaidi ya sala. Mmoja wao huenda anamfahamu mwenye kampuni. Mzee mwenye heshima akipiga simu Kampala, anaweza kufanya kwa dakika kumi kile ambacho barua ingefanya kwa mwezi.

Na NSSF: haipotei. Akiba ni ya kwako kwa jina lako, si ya kampuni, na ukipata mwajiri mwingine inaendelea kwenye namba ileile. Ila usitegemee kuichukua ukiacha kazi sasa. Kwa umri wako utaipata ukifika miaka 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila ajira, na kuna nafasi ya kuchukua hadi asilimia 20 ukifika 45 ukiwa umechangia miaka 10. Cha haraka zaidi ni kuangalia taarifa yako wiki hii, kwa simu au kwenye tawi lao. Inapaswa kuonyesha asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wako na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, kila mwezi, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 hata kampuni ya watu wanane haina kisingizio. Ukikuta miezi yenye pengo, hasa tangu meneja mpya aje, piga picha ya taarifa hiyo na uiweke pamoja na daftari.